Rimu za aluminiamu za basi-nyumba zimeliwa na chumvi, nipige polishi ama nizipeleke oveni?

BasiNyumba_Bamburi

Salaam wakuu na madada wote humu. Swali langu refu kidogo mtanivumilia.

Mimi na ndugu yangu tuna basi kuukuu la Scania, tulilitoa viti tukaligeuza nyumba, vitanda, jiko la gesi, choo, sola juu, kila kitu kimo, tunalikodisha kwa familia na wageni wanaotaka kulala Tsavo ama kushuka Diani bila kuhangaika na hoteli. Bodi tushaimaliza na rangi imetoka safi mashallah, ila sasa ndio balaa, ukilitazama jicho lakwenda moja kwa moja kwenye magurudumu. Rimu ni inchi 22.5, matundu kumi, zimeandikwa Alcoa, tulizikuta nazo. Mbele mbili na nyuma zile za nje mbili ndio aluminiamu, nyuma za ndani ni chuma ya kawaida.

Hali yake ni hivi, klia (ile rangi angavu ya juu) imebanduka vipande vipande, chini yake kuna michirizi myeupe kama minyoo imetambaa, pale ukingoni karibu na tairi kuna vishimo vidogo vidogo ukipitisha ukucha wavisikia, na kuzunguka nati kuna weusi na kutu imeteremka. Gari lalala Bamburi, bahari iko pale pale, kaskazi ikivuma ukiamka kioo chote chumvi.

Nishauliza watu na kila mmoja ana lake. Jamaa wa kaa woshi asema asidi dakika tano tu. Kuna mwengine Changamwe atengeneza mageti na madirisha ana oveni ya rangi ya unga (ile inayopulizwa ikiwa kavu halafu yachomwa) asema nimpelekee azipige nyeusi zitoke mpya. Fundi wa rangi aliyetupulizia bodi asema tupige msasa kidogo turudishe klia. Na shemeji yangu asema ninunue tu yale makava ya stenlesi nizifinike mambo yaishe, kwani nani atachungulia.

Mie nataka kitu kitakachodumu hapa pwani, si kitu cha kupiga picha leo na mwezi ujao turudi pale pale. Nani ashafanya rimu kubwa kama hizi?

---

Nyeusi_Tii

Buda hiyo ni pauda koti tu, hiyo rangi ya unga, usijisumbue. Rimu za Subaru yangu zilikua zimechoka ivo ivo nikapeleka zikapigwa mchanga zikachomwa nyeusi ya mati na hadi wa leo ziko fiti, vumbi la breki inatoka na maji tu. Polishi ni kazi ya wazee, kila wikendi uko chini unasugua. Basi jeupe na rimu nyeusi linakaa vibaya sana yaani vibaya kwa uzuri 😂

---

TokiNaJeki

Nyeusi Tii nakuheshimu lakini Subaru na basi la tani kumi na kitu si habari moja, na hapa lazima niandike kirefu maana mambo haya watu huyachukulia urembo na kumbe ni mambo ya roho za watu.

Rimu ya gari ndogo kawaida imemiminwa, aluminiamu imeyeyushwa ikamwagwa kwenye kalibu, na nyingi zimetoka kiwandani na rangi ya unga tayari, yaani aliyeitengeneza ule moto alishaupigia hesabu. Hizo Alcoa zako zimefuliwa, pande zima la aluminiamu limekandamizwa na mashine kubwa mpaka likawa rimu, halafu likapikwa kwa joto la kipimo masaa kadhaa, digrii mia na sitini mia na sabini huko, hapo ndipo lilipopata ugumu wake. Sasa rangi ya unga yaiva kwenye digrii 180 mpaka 200. Ukiirudisha rimu kwenye joto hilo waupunguza ule ugumu, na kwa macho huoni kitu, itatoka imependeza kweli kweli lakini si ile rimu tena. Na huyo fundi wa mageti simsemi vibaya, kazi yake ya mageti huenda ni nzuri, lakini geti haligongi shimo la Mariakani likiwa na tani tatu juu yake. Wenyewe Alcoa kwenye kitabu chao hawataki rimu iliyopigwa na moto mkali irudi barabarani, na hawataki kuwelda kabisa, hata tone.

Ukitaka kujua mzigo soma maandishi yaliyopigwa chapa kwenye uso wa rimu. Nyingi za 22.5 kwa 8.25 zimeandikwa kilo 3,350 hivi kwa rimu moja na presha ya juu kabisa imeandikwa hapo hapo. Hiyo ndio kazi ya hicho kitu. Kung'aa ni baadaye.

Kabla hujafikiria polishi wala rangi fanya hivi. Zitoe zote nne, tairi zitoke pia usifanye kazi zikiwa na tairi. Na hapa tafadhali, tairi ya basi ina upepo wa zaidi ya PSI 110, toa upepo WOTE kwa kufungua ule moyo wa valvu kabla hujagusa nati hata moja, na nyuma toa wa nje na wa ndani zote mbili, usiseme ya ndani ni nzima niiache. Tairi au rimu iliyopasuka ndani ya dabo (zile mbili za nyuma zilizofungwa pamoja) yaweza kufyatuka ukiwa umeinama mbele yake. Gari likae juu ya stendi si jeki peke yake.

Zikishatoka zioshe na sabuni, zikauke, halafu chukua tochi uangalie ufa. Anza kwenye matundu ya nati, halafu yale madirisha (matundu makubwa ya rimu), halafu ukingo unaoshika tairi. Ufa kwenye tundu la nati mara nyingi waonyesha ilikazwa vibaya, ama imelegea ama imekazwa kupita kiasi. Ufa kwenye dirisha mara nyingi ni mzigo. Ukipitisha kidole ukingoni na ukaona kumekua kukali kama kisu jua tairi imeula ule ukingo, hiyo yapimwa kabla ya chengine chochote.

Rimu yenye ufa haina dawa. Turudi kwenye urembo ukishamaliza hayo.

---

Nyeusi_Tii

Sawa mzee nimekubali, ya digrii sikua najua. Lakini Subaru yangu iko safi 😅

---

TokiNaJeki

Subaru yako iko safi, hatugombani.

---

PovuTupu_Kisauni

Jamani hapa mwaogopesha watu bure. Sisi twaosha malori na mabasi kila siku, ile asidi ya kuoshea choo changanya na maji nusu kwa nusu, piga na brashi, suuza, rimu yatoka nyeupee. Wenye mabasi wanatufuata wenyewe

---

BiMsasa_Mtwapa

PovuTupu mwanangu, yatoka nyeupe kwa sababu umeila ngozi. Mie kazi yangu ni vyuma vya boti huku kriki, stenlesi, shaba, aluminiamu, nimeshika kila namna ya uozo unaoletwa na bahari. Asidi ya choo ni haidrokloriki, ikigusa aluminiamu yatoa povu, na hilo povu ni dalili kwamba aluminiamu yenyewe inaondoka. Yaonekana nyeupe siku ile, baada ya siku chache yarudi kijivu kilichofifia na sasa uso una vinyweleo kila mahali vya chumvi kujificha. Magadi makali ya kuzibua mabomba ndio mabaya zaidi, hayo yaila aluminiamu kama hayana akili. Na ile asidi hubaki kwenye nati na nyuma ya rimu pale ambapo mfereji wako haufiki.

Sasa bwana wa basi, kwanza kabisa nijibu, hizo rimu ni za klia ama ni zile ambazo zimetiwa dawa na kiwanda ndani ya ngozi yenyewe, Dura-Bright? Maana kama ni Dura-Bright hakuna msasa wala polishi, ni sabuni laini na maji basi, ukiisugua umeiharibu na hairudi. Ukiona klia inabanduka kama ngozi ya nyoka basi si hiyo, lakini angalia zote nne, isije ikawa zimechanganywa.

Na kuna njia rahisi ya kujua wapi pana klia na wapi pako wazi. Chukua kitambaa cheupe, tia polishi kidogo ya aluminiamu, sugua. Kitambaa kikiwa cheusi umegusa aluminiamu tupu. Kikibaki cheupe bado uko juu ya klia na polishi yote hiyo wajichosha bure.

---

BasiNyumba_Bamburi

Shukran sana Bi Msasa na mzee Toki. Asidi nimeachana nayo (pole PovuTupu) na oveni pia.

Nimefanya ya kitambaa. Tatu zimetoa weusi kwenye yale mabaka na weupe sehemu nyingine, kwa hivyo ni klia iliyobanduka nusu nusu. Ya nne, ya nyuma kulia, yatoa weusi kote, hiyo naona wenyewe wa kwanza walishaivua. Dura-Bright hamna.

Zatolewa kesho kwa jamaa wa panchari wa malori hapa Miritini, tairi atazitoa yeye ana mashine. Swali ni, nikizivua klia zote nafanyaje mpaka zing'ae, na nikimaliza narudisha klia ama naacha wazi? Fundi wa rangi anasisitiza klia.

---

BiMsasa_Mtwapa

Haya keti.

Klia vua yote, usiache hata kipande, maana ukiacha hapa na pale ule mpaka utauona mpaka siku ya mwisho. Tumia dawa ya kuvulia rangi ya magari, ile ya kupaka kwa brashi, ipake, ifinike na karatasi ya nailoni isikauke na jua letu hili, iache ifure, halafu ikwangue na kitu cha plastiki au mbao. Glavu nzito, miwani, nje penye upepo, si ndani ya kontena. Rudia mpaka iishe. Kwenye kona tumia brashi ya nailoni. Brashi ya waya ya chuma USIGUSE, hata kama iko hapo karibu, inaacha chembe za chuma ndani ya aluminiamu na zile chembe zitashika kutu halafu utasema aluminiamu yashika kutu. Wala usitumie diski ya grainda iliyokua ikikata chuma.

Ikishakuwa tupu, msasa wa maji. Hapa ndipo watu hukosa subira. Pale penye vishimo anza na 320, pale palipo sawa usianze na 320 kwa nini ujitafutie kazi, anza na 600. Kutoka 320 nenda 400, 600, 800, 1000, 1500, ukiwa na moyo maliza na 2000. Usiruke namba. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya iliyotangulia, ukiruka utakuja kuiona mwisho chini ya mng'ao na itakubidi urudi nyuma. Njia ninayotumia mie, kila namba nabadilisha upande wa kusugua, hii naenda kwa mzunguko, ifuatayo nakata msalaba, hivyo naona kama ile mikwaruzo ya kwanza imekwisha. Maji na tone la sabuni, msasa uoshwe kila mara.

Na vile vishimo, usivifukuze vyote. Ukitaka kufuta kila kishimo utakula unene wa rimu, na mzee Toki hapo juu kakueleza kazi ya huo unene. Vidogo viache, ukiwa umesimama havionekani. Pale tairi inapokalia usiguse na msasa mkali kabisa, safisha tu.

Halafu mashine. Ile grainda ndogo ya inchi nne na nusu yazunguka elfu kumi na moja kwa dakika, itachoma kitambaa na itachoma rimu. Tafuta mashine ya polishi yenye kupunguza mwendo, kwenye elfu tatu hivi. Mopu (gurudumu la kupigia polishi linalofungwa kwenye mashine) ya kitambaa kigumu na kile kipande cha sabuni ya polishi ya kahawia kwanza, hiyo ndio yakata, itakua nyeusi nyeusi yatisha, usiogope. Futa na unga wa ngano au poda ya mtoto yatoa yale mafuta. Halafu mopu laini nyengine (si ile ile!) na kipande cheupe. Mwisho Autosol ama polishi yoyote nzuri ya aluminiamu kwa mkono. Barakoa muda wote, vumbi la aluminiamu si la kuvuta, na hilo vumbi laweza kushika moto kwa hivyo hapo hapo mtu asikate chuma cheche zikarukia.

Ya klia sasa. Mie na fundi wako wa rangi hatutaelewana. Klia yahitaji uso wenye kushika, na wewe umetumia siku nzima kuufanya uso uteleze. Itakaa vizuri mpaka jiwe la kwanza la barabara ya Voi. Hilo jiwe latoboa tundu dogo, chumvi yaingia, na ile minyoo yako uliyoisema yaanza kutambaa upya chini ya klia ambapo huwezi kuifikia mpaka uvue zote tena. Ikiwa wazi, mahali palipofifia wapiga polishi pale tu. Acha wazi, ipake nta nzuri ya gari ama ile silanti ya boti, na uwe na ratiba.

Na ratiba yenyewe sasa sikiliza kitu ambacho hawa wa kaa woshi hawasemi. WASUUZA NA MAJI GANI? Nyinyi wa Bamburi na Kisauni mwaosha na maji ya kisima, na kisima chetu huku nyote mwajua ladha yake. Umetoka Diani, umevuka Likoni feri, umerushiwa maji ya bahari, wafika nyumbani wasuuza chumvi kwa maji ya chumvi halafu yakaukia juani. Chote kioshe na kisima ukitaka, lakini mwisho rimu zipate maji matamu, mtungi mmoja wa lita 20 watosha zote, ama kinga ya mvua wakati wa mwaka, yaani masika. Halafu kausha na kitambaa. Kati ya yote niliyoandika hapa hili ndilo rahisi na ndilo watu hawafanyi.

---

PovuTupu_Kisauni

Ya maji Bi Msasa umetupata 😂 kisima chetu hata sabuni haitoi povu. Lakini mteja akitaka maji ya mfereji akubali na bei

---

Kusi_na_Kaskazi

Mimi niko upande wa fundi wa rangi kidogo, si kwa klia lakini kwa hali halisi. Hili gari ni la kukodisha, dereva leo huyu kesho yule, nani atapiga polishi? Watu huanza na moto wiki ya kwanza. Kama mwajua hamtashika ratiba basi pigeni rangi ya silva ya kawaida ya gari, isiyochomwa, inayokauka na hewa, juu ya praima ya epoksi maana aluminiamu haishiki rangi bila praima yake. Haing'ai kama kioo lakini iko nadhifu, na jiwe likitoboa waigusa na kibrashi.

Na makava ya stenlesi kwangu hapana. Yaonekana vizuri lakini yaficha nati, yaficha ufa, na maji ya bahari yakiingia nyuma yake yanakaa humo humo.

---

TokiNaJeki

Kusi na Kaskazi hilo la rangi ya hewa nakubali ni njia, kwa sharti moja ambalo pia ni la polishi na nta na kila kitu. Ule uso wa nyuma unaokaa kwenye habu (kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake), na pale nati zinapokalia, na kwa nyuma pale rimu mbili zinapogusana, pasiwe na rangi, wala klia, wala nta, wala grisi. Paachwe aluminiamu tupu na safi. Rangi nene hapo yabonyea polepole gari likitembea, ile nafasi ikishabonyea nati imelegea ingawa hakuna aliyeigusa. Wengi wanaolaumu nati walitakiwa walaumu brashi ya fundi wa rangi.

Ile rimu ya chuma ya ndani nayo yaweza kuleta ule weusi na kutu. Chuma na aluminiamu zikigusana na katikati kuna maji ya chumvi, aluminiamu ndio huliwa. Ya chuma ikwangue kutu, ipige rangi nyembamba, uso wa kugusana usafishwe kabisa. Ule mdomo wa habu unaoingia kwenye tundu la katikati paka grisi kidogo isiyo ya maji, hapo TU, ili siku ya kutoa isigande ukaanza kuipiga na nyundo.

Kufunga, kama nati zako ni M22 zile zenye washa yake yenyewe, tone la oili kwenye nyuzi za mwanzo za bolti na tone kati ya nati na washa, hakikisha washa yazunguka. Kaza kwa msalaba si kwa mzunguko. Ile bunduki ya upepo ya panchari itumie kufikisha tu, mwisho ni toki renchi (spana yenye kupima nguvu ya kukaza), Nyuta mita 610 mpaka 680, angalia kitabu cha gari lako kwanza. Halafu ukitembea kilomita 80 mpaka 160 simama ukaze tena. Kwa hivyo safari ya kwanza iwe ya Voi na si ya Nairobi, Voi ni kama 150, waegesha unakunywa chai wazikaza.

---

Nyeusi_Tii

Swali la kijinga, kwani jamaa wa panchari akiruka juu ya wili spana na bomba refu si inatosha? Wote wanafanya ivo

---

TokiNaJeki

Si la kijinga. Yule mwenye kilo tisini na yule mwenye kilo sitini wakiruka juu ya bomba hilo hilo zatoka nguvu mbili tofauti, na mmoja wao kaivuta bolti mpaka imerefuka. Rimu ya chuma yaweza kustahamili kwa muda. Aluminiamu diski yake ni nene karibu mara mbili ya chuma na bolti hutakiwa ziwe ndefu zaidi, hakikisheni nyuzi za bolti zafika usawa wa nati ama zatokeza nje. Kama nati imemeza bolti yote gari lisitembee.

---

BasiNyumba_Bamburi

Wakuu nimerudi. Zimetolewa, tumeziosha, klia tumeivua kwenye tatu. Mbele kushoto na kulia safi hazina ufa. Nyuma kushoto safi, ina vishimo ukingoni lakini ukali hamna.

Ya nyuma kulia, ile ambayo walishaivua wenyewe wa kwanza, ina mstari mwembamba kama nywele umetoka kwenye tundu moja la nati waenda kwenye tundu la pili. Mwanzo nikadhani ni mkwaruzo, nimepiga msasa 600 mstari bado upo, nimetia mafuta ya taa nikafuta, mafuta yarudi yatoka kwenye mstari. Yule wa panchari asema kuna jamaa Shimanzi awelda aluminiamu vizuri sana na gesi ya agoni. Najua ushasema mzee Toki lakini nauliza tena, hata ufa mdogo?

---

TokiNaJeki

Hata mdogo. Mafuta yakitoka ndani ya mstari huo ni ufa, umeupima vizuri kuliko mafundi wengi. Jamaa wa Shimanzi atawelda na itaonekana imeshikana, lakini pale alipopasha moto pembeni ya tundu patakuwa laini kuliko mwanzo, na hapo ndipo nati inapovuta. Ikate na grainda vipande viwili kabla hujaiuza skrepu, usiiuze nzima maana kesho utaikuta imepakwa silva imefungwa kwenye lori la mtu.

Na usitazame bolti hizo hizo ukasema nzima. Rimu imepata ufa kwenye tundu, bolti za upande huo badilisha zote.

---

BasiNyumba_Bamburi

Haya imekwenda. Sasa naweza kutafuta moja ya mtumba nikaichanganya na tatu hizi? Ama lazima nne mpya?

---

TokiNaJeki

Moja yatosha, lakini usinunue kwa kuhesabu matundu. Kuna za matundu kumi ambazo duara lake la bolti (upana wa duara linalopita katikati ya matundu) ni milimita 335 na kuna za 285.75, kwa macho zafanana mpaka uzipeleke kwenye habu. Scania yako kawaida ni 335, pima zako kwanza. Iwe 22.5 kwa upana ule ule wa zako, mchomoko (ofseti) ule ule, yaani umbali wa uso unaokaa kwenye habu kutoka katikati ya upana wa rimu, na kilo zilizopigwa chapa zisiwe chini ya za wenzake. Na ifanyie yale yale ya tochi na mafuta ya taa ukiwa bado dukani, kabla hujatoa pesa.

---

BiMsasa_Mtwapa

Na kitambaa cheupe uende nacho. Wauzaji wa mtumba wapenda kuzipiga klia ya kopo ili zing'ae, ukiona weusi hautoki mwambie akupunguzie, maana kazi ya kuivua ni yako.

---

BasiNyumba_Bamburi

Sawa sawa. Naenda na tepu, tochi, kitambaa na kichupa cha mafuta ya taa, wataniona mimi ni inspekta 😂 Bi Msasa ile mashine ya mwendo mdogo kuna mtu Mtwapa akodisha ama ninunue?

---

BiMsasa_Mtwapa

Njoo uchukue yangu, mopu na sabuni za polishi ujinunulie mwenyewe. Iko kazini mpaka Alhamisi, baada ya hapo yako, nitumie ujumbe faragha nikuelekeze.